Kanda za matamasha ya redio zenye sauti ya chaneli nne

Ndugu, kanda yako ya mwaka 1974 ya King Biscuit Flower Hour, kipindi cha redio cha Marekani kilichorusha matamasha, ambayo jalada lake linataja chaneli nne lakini wewe unasikia mbili tu, huenda haina kasoro. Baadhi ya matamasha yake yalichanganywa kwa stereo na pia kwa chaneli nne, na kwa kuwa redio ya FM ilibeba chaneli mbili, zile nne zilikunjwa ndani ya mbili kwa mfumo kama QS wa Sansui au SQ wa CBS. Hivyo unahitaji kisimbuzi, yaani kifaa cha kuzikunjua tena ziwe nne, cha mfumo uleule, kwani ukikosea mfumo, sauti za nyuma zitavurugika.

Jambo la kuzingatia zaidi ni fazi, yaani jinsi mawimbi ya sauti ya chaneli mbili yanavyolingana au kupishana kwa wakati, kwa sababu ndiyo inayobeba siri ya spika za nyuma: kichwa cha mashine kinachosoma kanda kilichopinda kidogo tu huiharibu, na MP3 iliyobanwa sana huimaliza kabisa. Nakili kanda kwa FLAC, aina ya faili isiyopoteza chochote cha sauti, bila kusafisha mikwaruzo kwanza, na wauzaji wanaojigamba kuwa "wameboresha" sauti, mimi ningewaepuka.