Jibu: Colt Navy ya baruti inapiga juu na kushoto (tazama kabari kabla ya kushika tupa)

Waalaikumu salaam, ndugu yangu wa Langoni, Lamu. Kwa faida ya wenzetu ambao hawakulisoma swali lako, nalifupisha. Unaishi karibu na Milan, umejiunga na klabu ya kupiga shabaha kwa silaha za baruti nyeusi, na umenunua nakala ya bastola ya Colt Navy ya mwaka 1851. Kwenye mita 25 risasi zinapiga shubiri nzima juu ya mahali unapolenga, tena zinaelemea kushoto. Ulipunguza baruti ili risasi zishuke, hazikushuka. Mtu mmoja pale klabuni amekushauri uchonge pengo la nyundo, na mwisho ukauliza iwapo unaweza kuja na bastola hiyo Lamu wakati wa likizo.

Mimi nilifanya kazi ya kumalizia chuma katika karakana moja ya bonde la Val Trompia, mkoa wa Brescia, ambako sehemu kubwa ya nakala hizi hutengenezwa, na siku za mapumziko nilikuwa nikipiga shabaha pamoja na wenzangu wa kazini. Sasa niko Malindi, nakereza shafti za mashua na za pampu, na Waitaliano wa huku, ambao kama ujuavyo hawatuishi, wakisikia nilikotoka hunikalisha barazani kuzungumzia bastola ambazo wenyewe wameziacha kwao. Kwa hiyo malalamiko yako si mageni masikioni mwangu. Ni yale yale ya kila mtu aliyewahi kununua Colt ya aina hiyo akitarajia itapiga pale inapotazama.

Jibu langu ni kwamba tupa ikae sandukuni kwanza. Kilengeo ni sehemu ya mwisho kuguswa kwenye bastola hii, kwa sababu kilengeo unachokirekebisha leo kimeegemea vitu vingine ambavyo kesho havitakuwa mahali pake.

Fikiri ilivyoundwa. Kilengeo cha mbele ni kijinundu cha shaba kilichopigiliwa karibu na mdomo wa kasiba, yaani mtutu. Kilengeo cha nyuma hakipo kabisa kwenye mwili wa bastola: ni pengo dogo lililochongwa juu ya nyundo, na huonekana tu nyundo inapokuwa imevutwa nyuma. Atokaye Lamu hahitaji kufundishwa maana yake. Nahodha apitaye mlango wenye miamba hulinganisha alama mbili za nchi kavu, ya karibu na ya mbali, na ikiwa alama moja imesimamishwa juu ya kitu kinachoyumba, chombo kitapanda mwamba hata nahodha awe hodari namna gani. Vuta nyundo ya bastola yako, iguse kwa kidole gumba, uisukume kushoto na kulia. Ikicheza, hata kwa unene wa kucha, umepata sehemu ya jibu la kushoto kwako. Skurubu ya nyundo ikiwa imelegea ikaze. Ikiwa tundu limelika, hiyo ni kazi ya fundi wa silaha aliyeidhinishwa, si yako.

Linganisha na Remington ile inayoitwa ya 1858 kwa sababu ya mwaka wa hataza yake. Fremu yake imefunga juu ya silinda, yaani kile kipande kinachozunguka chenye vyumba vya risasi, na kilengeo cha nyuma ni mfuo uliochongwa kwenye chuma hicho kisichosogea. Inaweza nayo kupiga pasipo, lakini hupiga pasipo kwa namna ile ile kila siku, na kosa lisilobadilika hutibika. Colt haina chuma cha juu. Silinda yake inazunguka kwenye mhimili uliotoka ndani ya fremu, kasiba inavishwa kwenye ncha ya mhimili huo, vijiti viwili vidogo vya chuma vinaishika kwa chini, kisha kila kitu kinafungwa kwa kabari moja inayopita upande hadi upande. Hakuna skurubu inayoibana kasiba kwenye fremu. Na kwa kuwa baruti nyeusi inalazimisha bastola ioshwe kwa maji baada ya kila zoezi, kasiba hiyo inang'olewa na kurudishwa kila mara.

Hapa ndipo penye uchungu wote, na ndipo ninapotaka ukae zaidi. Katika nakala nyingi tundu la kasiba linalopokea mhimili lina kina kuliko urefu wa mhimili wenyewe, kwa hiyo mhimili haufiki mwisho wa tundu. Kwa kuwa hakuna kitu cha kuizuia, kabari ukiigonga kidogo kasiba inakaa hivi, ukiigonga zaidi inavutwa nyuma na pembe yake inabadilika. Unaweza kulipima hilo mezani bila ya chombo chochote. Hakikisha vyumba vyote vya silinda ni vitupu, ng'oa kabari, vua kasiba, ondoa silinda. Sasa ivishe kasiba kwenye mhimili ikiwa imegeuzwa upande, ili sehemu yake ya chini isikutane na fremu bali ipite kando yake, uisukume mpaka igote. Ukiona sehemu hiyo ya chini imeupita uso wa fremu ambao ingepaswa kugusana nao, basi mhimili wako ni mfupi na tundu lina nafasi tupu. Kiasi ilichopita ndicho kiasi kinachokosekana.

Dawa yake ni kipande cha chuma cha duara, mfano wa washa isiyo na tundu, kinachokerezwa kwa unene huo na kuwekwa ndani kabisa ya tundu. Kikereze kikiwa kinene kidogo, kisha ukisugue kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo, ukijaribu na kusugua tena, mpaka uso wa kasiba na uso wa fremu vikutane sawasawa huku mhimili umegota. Mwanya kati ya silinda na kasiba ubaki takriban milimita 0.1 hadi 0.2, ukiwa mdogo zaidi ya hapo, masizi ya baruti yataibana silinda kabla hujamaliza mzunguko wa pili. Baada ya hapo kabari inakaa mahali pamoja tu, na utaisikia kwa mlio wake: badala ya mlio mzito wa chuma kinachoendelea kuingia, inalia mlio mkavu na kusimama. Usipoweza kuifanya kazi hiyo sasa, angalau chora alama nyembamba kwenye kabari pale inapokutana na ubavu wa kasiba, na uigonge mpaka alama hiyo kila unapoirudisha.

Kuhusu baruti. Ulipunguza kipimo ukitarajia risasi ishuke, na kwa mtu aliyezoea kurusha mawe hiyo ni akili ya kawaida, lakini kwa bastola kwenye mita 25 mara nyingi mambo huwa kinyume. Baruti ikishika moto, bastola huanza kurudi na mdomo wake kuinuka wakati risasi bado imo ndani ya kasiba. Risasi yenye mwendo mdogo hukaa humo muda mrefu zaidi, mdomo unakuwa umekwisha kuinuka zaidi, na risasi inatoka ikielekea juu. Risasi ndefu na nzito hupanda kuliko risasi duara kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo chagua kipimo kimoja kilicho ndani ya mipaka ya kijitabu kilichokuja na bastola yako. Kwa Navy watu wengi hutumia kati ya gramu 1.3 na 1.6 pamoja na risasi duara ya madini laini ya risasi, yenye kipenyo cha milimita 9.5, ambayo huacha pete nyembamba ya madini hayo inaposhindiliwa, na pete hiyo ndiyo ushahidi kwamba imeziba chumba vizuri. Ukishachagua, usibadilishe tena: baruti ile ile, risasi ile ile, mafuta yale yale, fataki za kuwashia baruti zile zile. Anayebadilisha kipimo na kilengeo kwa wakati mmoja hatajua kilichomsaidia wala kilichomharibia.

Masizi nayo yana lake. Yananyonya unyevu wa hewani, na siku kavu yanakuwa magumu ndani ya mifuo ya kasiba mpaka matundu yanaanza kutawanyika kwenye karatasi. Pitisha kitambaa chenye unyevu baada ya kila silinda mbili au tatu, lakini fanya hivyo wakati wote, si siku ya kurekebisha tu. (Kwa mwambao wetu huu, ambako hata bawaba ya shaba haisalimiki, silaha ya namna hii ikilala usiku mmoja bila ya kuoshwa, asubuhi utakuta kutu.)

Baada ya hayo yote ndipo upige kwa ajili ya kilengeo. Piga kwa mkao ule ule utakaoutumia mashindanoni, kwa sababu bastola iliyoegemezwa kwenye mfuko wa mchanga hairudi kama iliyo mkononi, na hupiga mahali pengine. Ninavyoelewa unajiandaa kwa Mariette, shindano la bastola za silinda za baruti nyeusi, yaani mita 25, risasi 13 kwa dakika 30, zinazohesabiwa zikiwa 10 bora. Basi simama kwa mkono mmoja kama huko. Usitazame tundu moja moja. Tazama katikati ya kundi la matundu, na kundi likiwa limetawanyika kama kuku waliofukuzwa, rudi kwenye kabari na baruti, kwa maana hakuna kilengeo kinachoponya mtawanyiko. Kisha mpe mwenzako unayemwamini apige kwa bastola hiyo hiyo. Kundi lake likiwa kushoto kama lako, kosa ni la bastola. Likiwa katikati, kushoto ni kwa kidole chako kinachovuta kifyatulio kwa pembe, na utakuwa umeiokoa shaba isiyo na hatia.

Sasa hesabu, ambayo ni fupi. Zidisha kosa lililoko kwenye karatasi kwa umbali uliopo kati ya vilengeo viwili, nyundo ikiwa imevutwa, kisha gawanya kwa umbali wa shabaha. Tuseme shubiri yako ni milimita 200, na kati ya vilengeo umepima milimita 250. Zidisha, gawanya kwa milimita 25,000, unapata 2. Kilengeo cha mbele kinahitaji kuongezwa milimita 2 kwenda juu. Kwa vipimo hivyo kila sehemu ya kumi ya milimita kwenye kilengeo ni sentimita moja kwenye karatasi, na hapo utaelewa kwa nini sipendi kuona mtu anakaribia bastola na tupa ya kuchongea jembe.

Kuhusu upande, shika hivi: kilengeo cha mbele hufuata kosa, cha nyuma hulikimbia. Risasi zikipiga juu, cha mbele kiende juu; zikipiga kushoto, cha mbele kiende kushoto. Kwa kipimo hicho mshauri wako hakukosea mwelekeo, kwani kulichimba pengo la nyundo kunateremsha kilengeo cha nyuma na risasi zitashuka. Alichokosea ni kiasi. Milimita 2 kwenye mdomo wa nyundo ile ni nyingi mno. Chuma chake kimetiwa ugumu, kukichonga vibaya ni kununua nyundo mpya, na kabla hujafika unapotaka mgongo wa kasiba utaanza kuingia kwenye mstari wa jicho lako na kukifunika kijinundu cha shaba.

Heri uongeze mbele. Kijinundu kile hutoka kikishikwa kwa koleo lenye kitambaa. Kereza kingine cha shaba, kirefu kuliko hesabu inavyodai, chenye kichwa kipana kidogo ili upate mahali pa kusogezea upande, ukifunge kwenye tundu lile lile. Kikiwa kirefu kupita kiasi risasi zitapiga chini, na hilo ndilo unalolitaka mwanzoni, kwa sababu shaba huweza kupunguzwa lakini hairudi. Piga kundi, pima, punguza kidogo kwa tupa laini, piga tena. Kwa upande wa kushoto, chonga ubavu wa kulia wa kichwa hicho, ncha yake itahamia kushoto bila ya kuigusa kasiba. Usikimalizie siku moja. Mkono uliochoka huvuta risasi chini na utaondoa shaba ambayo kesho utaihitaji. Na kama mashindano yenu yanakagua umbo la vilengeo, mwonyeshe mkaguzi michoro yako kabla ya kukereza, maana kanuni hutaka vifanane na vya wakati wake.

La likizo lina jibu jepesi: iache huko. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inataka anayemiliki silaha awe na cheti, na mwenye mamlaka ni Bodi ya Leseni za Silaha. Usidhani kwamba kuitwa nakala, au kutumia baruti ya kushindilia, kutamridhisha afisa wa forodha utakaposhuka Mombasa.

Ukipata nafasi, tuwekee hapa picha ya karatasi yako ya shabaha, pamoja na uzito wa baruti, umbali kati ya vilengeo ukiupima kwa kalipa, na picha ya kabari kutoka pande zote mbili. Kiasi kile ambacho kasiba imeupita uso wa fremu pia niandikie, nitakukerezea kipande chenyewe huku na mjomba wako anayesafiri mwezi ujao atakuletea.