Kuta za nyumba ya biskuti ya tangawizi zinaanguka

Pole dada, umeuliza kwa nini kuta zinalegea na kuanguka hata kabla watoto hawajaanza kupamba. Mi niko Tabora natengeneza na wanangu kila Krismasi, mara nyingi tatizo ni unyevu, Desemba huku mvua imekolea halafu asali nayo inavuta maji ya hewani. Asali yetu ya miombo usiiache jamani, inanoga mno na tangawizi na mdalasini, hata Wajerumani wa Nuremberg biskuti zao za viungo wanaweka asali toka enzi, we punguza kidogo tu uongeze sukari. Beking pauda usiweke, vipande vikiumuka kona hazikutani. Sukuma unene wa nusu sentimita hivi, kata kwa kufuata katoni ulopima, oka mpaka kingo ziwe kahawia, na kama unaokea kwenye sufuria basi moto mwingi juu, chini makaa machache.

Zikipoa kabisa ndo ujenge. Gundi ni ute mweupe wa yai 1 na sukari ya unga kama gramu 200, piga mpaka isimame yenyewe. Egemeza kuta kwa makopo ya maziwa, subiri saa nzima au mbili ndo uweke paa, hapo watoto watakusumbua kweli, kwa hiyo kabla hujasimamisha kuta wape peremende na karanga wazipambe zikiwa bado zimelala mezani, mikono yao midogo inafika vizuri zaidi.