Mbwa abaki wapi mkivuka kwenda Dar?

Dada, nimekuelewa: siku nne mnawapeleka watoto kwenye michezo ya maji Kunduchi, na mbwa anabaki Unguja. Kumlaza kwenye banda la kulipia kunawezekana, ila anza na chanjo. Ya kichaa cha mbwa, kama ni ya kwanza, achomwe wiki tatu kabla. Ya pavo, ule ugonjwa wa kuharisha damu, angalau wiki mbili, maana kinga haiji siku hiyo hiyo. Banda lisilouliza kadi ya chanjo liache, kwani na wengine waliomo huenda hawajachanjwa.

Kaliangalie mchana: kivuli, sakafu kavu, kila mbwa na chumba chake. Chungulia nyufa za ukuta, kupe hujificha humo.

Mfungie chakula alichozoea, kila mlo mfuko wake, na ziada ya siku mbili. Bahari ikichafuka boti hazitoki. Akibadilishiwa chakula ghafla anaweza kuharisha. Mwachie pia kanga uliyoivaa, bila kuifua, ili asikie harufu yako.

Akirudi anatapika, anaharisha damu au fizi zimepauka, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Kama ni mzee au mgonjwa, ni bora abaki nyumbani na mtu aliyemzoea.