Wingi wa majibu si wingi wa watu
Ndugu yangu, umeuliza kama kura ya maoni ya mtandaoni yaweza kushika nafasi ya kikao cha wananchi hapa Mombasa, nami naona yaweza kukisaidia tu. (Nasema kura ya kupima maoni, si ile ya tarehe 4 Agosti 2010 iliyopitisha Katiba ya Kenya.) Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2 na kubashiri kwamba katika uchaguzi wa urais Landon angemshinda Roosevelt, kumbe Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48, kwa kuwa majina mengi ya walioulizwa yalitoka katika orodha za wenye simu na magari, na waliojibu ni wale tu waliojisikia kujibu.

Sasa nenda soko la Kongowea alfajiri, malori yakishusha vitunguu, umtazame mama anayepanga nyanya mafungu mafungu: simu yake ni mulika mwizi iliyofungwa kwa mpira, ya kupiga na kupokea pesa basi. Suala la kuhamisha vibanda likipelekwa mtandaoni, litaamuliwa na mwenye bando ambaye pengine hata sokoni hafiki. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi, na huyo mama ni mmoja wao. Kwa hiyo, ukiletewa asilimia, uliza kwanza ni nani walioulizwa, kwa maneno gani, na kama mtu mwenye laini tatu aliweza kupiga kura tatu.