Anza na jedwali la maji, kisha chagua siku

Ndugu, umeuliza uende pwani lini majira haya ya baridi ili uone ndege na sili (mnyama wa baharini anayepanda nchi kavu kupumzika), na ubebe nini. Kabla hujachagua siku, tazama jedwali la maji kujaa na kupwa. Maji yakipwa, ndege hutawanyika mbali matopeni, ukaambulia vidoadoa tu. Fika kama saa mbili kabla maji hayajajaa kabisa, utulie. Maji yakipanda yanakusogezea ndege wenyewe: ndege aitwaye sululu anadidimiza mdomo wake mrefu uliopinda mpaka karibu na macho, vitwitwi, ndege wadogo wa pwani, wanakimbizana na povu. Bamvua, yaani maji makuu ya mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, huwasogeza ndege zaidi, ila nawe usije ukazingirwa na maji.

Sili akiinua kichwa kukutazama, umeshamkaribia mno, rudi nyuma. Mtoto wake akiwa peke yake usimguse, huenda mama yuko majini. Mbwa mwache nyumbani.

Beba darubini, nguo za kuzuia upepo (kusimama tuli kunatesa kuliko kutembea), na betri ya akiba mfuko wa ndani, maana baridi huzimaliza upesi.