Jibu: Nyasi bandia zimeachia kwenye maungio, maji yanatuama

Mkuu salama. Umesema kapeti la nyasi bandia uani kwako limeachia kwenye maungio tangu masika, na maji yanatuama palepale. Usikimbilie gundi, anza na maji.

Kunja upande ulioachia uangalie chini. Ukikuta udongo umegeuka tope, gundi yoyote utakayopaka itabanduka tena. Chota tope lote, jaza vumbi la kokoto, shindilia, weka mteremko kidogo kuelekea mtaroni. Kama chini ni zege, kagua vile vitundu vya mgongo wa kapeti, huenda vimezibwa na mchanga.

Kuunga sasa. Subiri jua likaushe mgongo kabisa. Tandaza tepu pana ya kuungia, nusu kila upande, upake gundi ya poliurethani, siyo ile nyeupe ya mbao inayolainika ikilowa. Nyasi za vipande vyote zilale upande mmoja, la sivyo mstari utauona ukiwa getini. Kandamiza kwa matofali hadi kesho yake. Na angalia nyasi zisinaswe kwenye gundi; hapo ndipo mafundi wengi wanalipua kazi.

Ile sehemu mbele ya dirisha uliyosema imejikunja kama nywele zilizoungua, hiyo haihusiani na mvua. Kioo kinachoakisi jua huyeyusha plastiki, na haifufuki hata uichane vipi. Kata, bandika kipande kipya, ila weka kivuli kwanza.