Kutu ya bolti si chuma kinachoua paneli

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi sola hapa Mikindani. Mteja wangu ana paneli juu ya bati, karibu kabisa na bahari. Bolti zimeshika kutu na maji yake yamechirizika hadi kwenye kioo. Kasikia kwamba chuma huharibu silikoni, ile mali inayozalisha umeme ndani ya paneli, anataka kuzitupa zote. Nimwambieje?
Fundi, Mikindani

JIBU: Marahaba, fundi. Asizitupe. Alichosikia ni kweli, ila chuma kinachosemwa si hicho cha bolti. Kutu hiyo imezuiwa na kioo na plastiki, wala jua la Mtwara, kwa ukali wake wote, haliwezi kuisukuma ipenye. Chuma kibaya huingia kiwandani, silikoni inapoyeyushwa kwa nyuzi 1,414 au inapopita tanurini baadaye.

Kiasi chake ndicho hunishangaza hadi leo. Nilipokuwa nafundisha Lindi, wanafunzi walikuwa wakinibishia nikiwaambia hivi: katika silikoni, atomu moja ya chuma kwa kila atomu bilioni 50 inatosha kudhoofisha umeme! Atomu hiyo hujibana katikati ya zile za silikoni, na elektroni, chembe inayobeba umeme, iliyoamshwa na mwanga inanaswa pale kabla haijafika kwenye waya.

Tena chuma hakipendi kukaa peke yake. Paneli nyingi za zamani, silikoni yake imetiwa kwa makusudi elementi iitwayo boroni. Chuma kina chaji chanya, boroni hasi, kwa hiyo gizani huvutana na kushikana jozi. Jua likipiga, jozi nyingi huachana, usiku zinarudiana. Wataalamu hupima silikoni kabla na baada ya kuimulika, na ile tofauti huwaonyesha chuma kilichomo ni kiasi gani. Kwangu mimi huo ni ustadi wa hali ya juu. Kiwandani hupaka fosforasi na kupasha moto ili ivute chuma kutoka ndani.

Adui wa mteja wako ni chumvi. Weka bolti za stenlesi. Osha kioo asubuhi mapema, kabla hakijapata moto, kwa maji ya bomba. Kisha fungua kisanduku cha nyuma ukague viungo vya waya: ukiona ukijani, chumvi imeshaingia. Saa sita mchana, anga likiwa halina mawingu, pima volti na ampea za kila paneli ulinganishe na kibandiko chake. Iliyo nyuma sana ya wenzake ndiyo ya kubadilisha.